Ziwa Tanganyika: meli iliyofika ndani ya masanduku 5000, na namna ya kuijenga tena juu ya meza

Kujenga meli ndogo za mfano ni kazi ya mikono inayopendwa na watu wenye subira. Wengi wanaoianza hawafiki mwisho, na mara nyingi kosa limefanyika siku ya kwanza kabisa, siku ya kuchagua meli. Kwa watu wa Kalemie, Uvira, Baraka au Moba, meli za kuchagua zilikwisha kupita mbele ya macho ya mababu zao.

Mwaka 1913, katika mji mdogo wa Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani, wafanyakazi wa kiwanda cha Meyer walimaliza kuunganisha meli nzima, kisha wakaanza kuifungua kipande kwa kipande. Vipande viliwekwa alama, vikafungwa ndani ya masanduku yapatayo 5000, vikapakiwa baharini mpaka Dar es Salaam, na kutoka pale vikapanda treni kuelekea Kigoma. Mafundi watatu wa kiwanda hicho, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, walitumwa kuvifuata ili waiunge meli tena kando ya ziwa, bati kwa bati, ribiti kwa ribiti. Tarehe 5 Februari 1915 meli hiyo iliteremshwa majini. Jina lake lilikuwa Graf von Götzen. Leo ulimwengu unaijua kwa jina la Liemba.

Mtu yeyote aliyewahi kujenga meli ya mfano anaitambua hadithi hii mara moja. Kuna sanduku, kuna vipande vyenye namba, kuna karatasi ya maelekezo, na kuna fundi anayeomba Mungu kisiwepo kipande kilichopotea njiani.

Sanduku linalobaki chini ya kitanda

Katika nchi za Ulaya, Marekani na Japani, mtu anayetaka kuanza huenda dukani kununua sanduku lililo tayari. Kampuni kama Tamiya ya Japani, Revell ya Ujerumani, Airfix ya Uingereza na Heller ya Ufaransa zimeuza meli za plastiki kwa miongo mingi. Ndani ya sanduku mna vipande vilivyomwagwa katika umbo, na kazi ya mnunuzi ni kuvikata, kuvikwangua, kuviunganisha na kuvipaka rangi. Yapo pia masanduku ya mbao, ambamo mtu hupewa vibao vyembamba na uzi, mengine yote ayatafute kwa mikono yake.

Hapo ndipo watu wengi hukwama. Anayeanza huvutwa na picha kubwa iliyo juu ya sanduku. Anachagua HMS Victory, ile meli ya kivita ya Uingereza iliyoteremshwa majini mwaka 1765 na inayotunzwa hadi leo kule Portsmouth: mizinga 104, milingoti mitatu, na kamba zisizo na idadi. Au anachagua Titanic, ambayo ilikuwa na urefu wa mita 269. Miezi miwili inapita, kila mzinga unadai kazi ileile iliyofanywa kwa ule wa jana, na sanduku linaishia chini ya kitanda. Meli yenye mizinga 104 inataka mtu afanye kazi moja mara 104, tena mara ya mwisho aifanye vizuri kama mara ya kwanza. Ni afadhali kuanza na chombo chenye mzinga mmoja.

Kwa msomaji wa Bukavu au Kalemie kuna kikwazo kingine: sanduku lenyewe halipatikani sokoni, na kuliagiza kutoka nje kunaweza kugharimu usafiri kuliko bei yake. Inabaki njia ya pili, ile ya kujenga kutoka mwanzo kwa vitu vilivyopo. Njia hiyo si ngeni huku. Watoto wanaotengeneza magari kwa waya na makopo, au mashua kwa sandali kuukuu za mpira, wamekwisha kuipita nusu. Wanachokosa ni kipimo tu.

Kipimo: somo la ramani

Aliyesoma jografia shuleni anajua kipimo cha ramani. Meli ya mfano hufuata hesabu hiyohiyo. Kipimo cha 1 kwa 100 maana yake sentimita moja ya mfano ni mita moja ya meli ya kweli. Liemba ina urefu wa mita 71 na kitu, na upana wa karibu mita 10. Kwa 1 kwa 100 itachukua sentimita 71 juu ya meza, karibu urefu wa mkono wa mtu mzima. Kwa 1 kwa 200 itakuwa sentimita 36. Kwa 1 kwa 700, kipimo ambacho viwanda vya Japani vimekizoesha tangu miaka ya 1970, meli yote itakuwa na sentimita 10, kidogo kuliko biki.

Mtu anaweza kudhani kuwa meli ndogo zaidi ni rahisi zaidi. Mambo ni kinyume. Bomba la ukingo wa sitaha lenye unene wa sentimita 3 linakuwa milimita 0.3 kwa kipimo cha 1 kwa 100, na uzi mwembamba wa kushonea unatosha. Kwa 1 kwa 350 bomba hilohilo linafikia unene wa unywele. Hapo mtu asiye na macho makali na vifaa vya pekee hana la kufanya ila kuliacha, au kuweka uzi mnene unaofanya meli nzima ionekane kama mchezo wa mtoto. Jicho huligundua kosa hilo haraka kuliko kosa la rangi. Kamba nene mno, mlango mkubwa mno, mtu mrefu kuliko mlango: hayo ndiyo huharibu kazi nyingi.

Kwa hiyo fundi anapima kwanza nafasi aliyo nayo nyumbani, halafu anapima kitu kidogo kuliko vyote anachotaka kionekane. Kipimo hutoka katikati ya hivyo viwili.

Mwaka upi?

Liemba ina ugumu wake. Anayesema “nitajenga Liemba” bado hajachagua kitu, kwa sababu meli hiyo imekuwa meli nne au tano.

Mwaka 1915 ilikuwa Graf von Götzen, meli ya mvuke ya Wajerumani iliyobeba askari, na iliyofungwa mzinga wa milimita 105 uliotoka katika meli ya kivita Königsberg. Kufikia katikati ya mwaka 1916 mizinga ilikuwa imeondolewa kwenda kutumika nchi kavu, na mahali pake pakawekwa mizinga ya uongo ya mbao ili kuwadanganya maadui. Fundi anayeuchagua mwezi huo ana bahati ya ajabu: mzinga wake wa kijiti ni sahihi kabisa, kwani hata wa kweli ulikuwa mti.

Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia ziwani. Kabla ya kuizamisha, mafundi walipaka mashine grisi nzito ili zisiliwe na kutu. Kazi hiyo ilikuwa nzuri kiasi kwamba Waingereza walipoitoa majini mwaka 1924, mashine zilifaa kutumika tena. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa lenyewe. Katika miaka ya 1970 mvuke uliondoka, dizeli ikaingia. Mwaka 1993 ilifanyiwa matengenezo makubwa tena.

Na kuna mwaka 1997, ambao huko Uvira hauhitaji maelezo marefu. Baada ya vita vya kumwondoa Mobutu, Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi liliitumia Liemba kuwarudisha nyumbani maelfu ya Wakongomani waliokimbilia Tanzania. Wapo watu wazima wa leo waliovuka ziwa hilo wakiwa watoto, wakilala juu ya sitaha ileile ambayo zamani ilibeba mzinga.

Meli hizo zote zina mkuku mmoja, yaani ule uti wa mgongo wa chini, lakini vilivyo juu vinatofautiana. Anayechanganya mzinga wa 1915 na madirisha ya 1993 amejenga meli ambayo haikupata kuwapo. Ni lazima kuchagua mwaka, kutafuta picha za mwaka huo tu, na kuzikataa nyingine hata kama zinapendeza.

Meli ndogo iliyopita nchi kavu

Hata hivyo, kwa mkono wa kwanza, Liemba ni kubwa. Kuna chombo kingine katika hadithi hiyohiyo ya ziwa, chenye urefu wa mita 12 tu na upana wa mita 2 na nusu hivi. Kiliitwa Toutou, na pacha wake aliitwa Mimi.

Afisa Mwingereza Geoffrey Spicer-Simson, aliyepewa kazi ya kuleta vyombo hivyo viwili Tanganyika, alitaka kwanza kuviita Paka na Mbwa. Wakubwa wake walikataa. Akaleta majina ya Mimi na Toutou, yakapita bila swali. Mkongomani yeyote aliyelelewa karibu na Kifaransa anajua kwamba toutou ni mbwa katika maneno ya watoto, na mimi ni paka. Wakubwa kule London inaonekana hawakujua.

Vyombo hivyo viliondoka Uingereza Juni 1915, vikapita Cape Town, vikapanda treni hadi Fungurume. Kutoka Fungurume hapakuwa na reli. Vilivutwa juu ya magari ya magurudumu kwa trekta za mvuke na ng’ombe, kupitia milima ya Mitumba, juu ya njia na madaraja ya miti yaliyojengwa na wafanyakazi Wakongomani. Trekta za mvuke zinakunywa maji mengi, na safari hiyo ilikuwa wakati wa kiangazi. Wanawake wa vijiji waliyabeba kichwani. Baadaye ikaja reli fupi mpaka Bukama, mto Lualaba mpaka Kabalo, na reli tena mpaka karibu na Lukuga, pale ilipo Kalemie. Desemba 1915 vikateremshwa ziwani. Tarehe 26 mwezi huohuo viliikamata meli ndogo ya Wajerumani, Kingani, ambayo Spicer-Simson aliibatiza Fifi.

Katika mifano mingi ya vita hiyo mtu anaona maji, moshi na bendera. Toutou inafaa zaidi ikiwekwa juu ya gari lake, mlimani, kamba zimekaza. Kwanza, chombo kilicho nchi kavu kinaonyesha tumbo lake lote, na fundi hana haja ya kutengeneza maji, ambayo ni kazi ngumu. Pili, ndipo waliofanya kazi wanapoonekana. Jumba la Imperial War Museum la London lina picha za msafara huo, na Frank Magee, aliyekuwemo safarini, aliandika habari zake katika gazeti la National Geographic mwaka 1922.

Mbavu, vipande na subira

Kwa kipimo cha 1 kwa 50, Toutou inatoka na urefu wa sentimita 24 na upana wa karibu 5. Mtu wa mita 1.70 anakuwa na sentimita 3.4, saizi ambayo mkono wa kawaida unaweza kuichonga.

Kazi huanza na kibao cha kukalishia mashua, kabla ya mashua yenyewe. Wengi hukiacha cha mwisho, halafu wanagundua kwamba hawana mahali pa kushikia kazi bila kuvunja kitu. Baada ya hapo hukatwa mkuku, umbo zima la mashua likitazamwa kwa ubavu, katika tripleksi nyembamba au kartoni ngumu iliyounganishwa tabaka tatu. Juu yake husimamishwa mbavu nane au tisa. Ili kila ubavu ulingane kulia na kushoto, karatasi ya umbo hukunjwa katikati na kukatwa mara moja kwa makasi. Ni hila ya mshona nguo, na inafanya kazi vilevile hapa.

Mbavu zikikauka, hufunikwa kwa vipande virefu vyembamba vya milimita 4 hivi. Mianzi iliyopasuliwa inafaa, na hata vijiti vya brosheti vikipasuliwa na kusawazishwa. Toutou ya kweli ilikuwa ya mbao za mahogani, kwa hiyo vipande hivyo havidanganyi. Ili vipinde, huwekwa kwenye maji ya moto, kisha huviringishwa polepole juu ya chupa. Sheria moja hapa haina ruhusa ya kuvunjwa: kipande kimoja kulia, kimoja kushoto, kwa zamu. Anayemaliza upande mmoja kwanza ataamka asubuhi na kukuta mashua yake imejipinda kama ndizi, maana koli ikikauka huvuta. Vibanio vya nguo hushika vipande usiku kucha. Koli nyeupe ya maseremala inatosha, na ile inayotoka nje hufutwa papo hapo kwa kitambaa chenye maji, kwani ikikauka rangi haiishiki.

Kisha msasa, tena na tena, wa mchanga mkubwa halafu wa mchanga mdogo. Kartoni au mwanzi vyote hunywa unyevu wakati wa mvua, kwa hiyo verni hupakwa ndani na nje kabla ya rangi. Rangi yenyewe, kijivu cha jeshi la majini, ipakwe nyepesi mara tatu badala ya nzito mara moja. Rangi inayong’aa kama mlango mpya hufanya mashua ionekane ndogo. Ile isiyong’aa huifanya ionekane mbali na kubwa.

Kwa mstari wa maji, mashua hukalishwa sawasawa mezani, penseli hufungwa juu ya kipande cha mbao kwa urefu unaotakiwa, na kibao hicho huzungushwa pande zote. Mstari utakaotoka mkono mtupu hauwezi kuuchora. Parapela mbili za nyuma hukatwa kwenye kopo la maziwa. Mzinga wa mbele hutoka katika mrija wa wino wa biki, na bunduki ya Maxim ya nyuma katika sindano. Inasimuliwa kwamba mzinga wa kweli ulipojaribiwa kwenye mto Thames uling’oka na kuanguka majini pamoja na mpigaji wake, kwa kuwa haukufungwa vizuri. Koli isikosekane mahali hapo.

Kama inatakiwa ielee

Vijana wengi wa kando ya ziwa watauliza swali moja tu: itaelea? Itaelea, lakini huenda vibaya. Urefu ukigawanywa kwa 100, uzito hugawanywa kwa milioni moja, kwa sababu urefu, upana na kina vyote vimepungua pamoja. Liemba yenye tani karibu 1500 inakuwa kilo moja na nusu kwa kipimo cha 1 kwa 100. Mfano wa kartoni ni mwepesi kuliko huo, kwa hiyo unakaa juu mno na kulala ubavu kwa upepo mdogo. Dawa ni vipande vya chuma au mchanga ndani, chini kabisa, vikiongezwa kidogo kidogo kwenye beseni mpaka mstari wa maji ugusane na maji. Mawimbi ya ziwa nayo hayapungui kwa kipimo. Wimbi la sentimita 10, ambalo mvuvi halioni, kwa mfano huo ni ukuta wa mita 10.

Kwa yule ambaye vita vya zamani havimvuti, kuna vyombo vya leo. Mitumbwi mitatu ya wavuvi wa sambaza wa ziwa Kivu, iliyounganishwa kwa miti mirefu inayotokeza mbele na nyuma, ni kazi nzuri kupita meli nyingi za madukani, na faida yake ni kwamba mtu anaweza kwenda kuipima mwenyewe kwa kamba yenye mafundo. Mwenye mtumbwi aombwe ruhusa kwanza. Bandarini, kutoa simu na kupiga picha bila idhini kunaweza kumletea mtu maneno na askari; daftari na penseli huleta matatizo machache zaidi.

Atakayemaliza Toutou, akatamani kuendelea na Liemba ya 1997, atakuta kwamba sehemu ndefu kuliko zote haimo katika mabati wala bomba la moshi. Kwa safari ya kawaida meli hiyo ina nafasi ya abiria wapatao 600, na safari zile hazikuwa za kawaida. Kwa 1 kwa 100 kila abiria ni sentimita 1.7 ya karatasi iliyokunjwa, na mzigo mgongoni, na wengine na mtoto. Anayekata watu kumi kila jioni, kabla umeme haujakatika, atahitaji siku sitini kujaza sitaha.